Stata mpya, kelele ileile: kisa cha gari lililokuwa likisaga meno

Mzee mmoja aliniletea gari lake aina ya saluni: injini ya petroli, silinda nne, giaboksi ya mkono. Stata, ile mota ya umeme inayoizungusha injini ili iwake, ilikuwa imekwisha kubadilishwa, ikafungwa mpya kabisa, na miezi minne baadaye kelele ikarudi kali kuliko mwanzo. Fundi aliyetangulia alimwambia stata ile ilikuwa na kasoro tangu ilipotoka kwenye boksi, atafute nyingine. Mzee hakubishana naye, ila alitaka sikio la pili kabla ya kununua.

"Asubuhi nikiwasha, mtaa mzima unajua nimeamka," aliniambia. "Linafanya krrrr, halafu kiiii, halafu linatulia."

Nikamwomba arudie, na kijana ninayefanya naye kazi nikamwambia aandike vilevile kwenye kadi: krrrr, halafu kiiii. Mteja anayeigiza sauti kwa mdomo hukusaidia mno kuliko yule anayesema tu kwamba gari linapiga kelele. Huyu alikuwa ametaja sauti mbili, ingawa mwenyewe aliamini ni moja.

Kwenye kelele za kuwasha mimi huuliza kwanza zinatokea lini. Zinatoka wapi, hilo huja baadaye. Chuma hupitisha sauti. Stata iliyofungwa chini huko inaweza kusikika kana kwamba giaboksi inapasuka, na mkanda uliolegea mbele ya injini ukasikika kama uko ndani ya dashibodi. Sikio hudanganyika upesi kuhusu mahali. Kuhusu wakati ni vigumu kudanganyika, kwa sababu tangu ufunguo ugeuzwe hadi injini itulie, kila kifaa kina zamu yake.

Zamu ya kwanza ni ya umeme. Ufunguo ukigeuka, solenoidi, sumaku ya umeme iliyo mgongoni mwa stata, huvuta na kusukuma kigia kidogo kiingie kwenye pete ya meno iliyozunguka flaiwili, lile gurudumu zito la nyuma ya injini. Ikifika mwisho wa mwendo wake ndipo hufunga swichi nzito inayoipa mota umeme. Kelele ya hapa, injini ikiwa haijazunguka hata kidogo, ni ya kugonga. Mfululizo wa ta-ta-ta-ta maana yake umeme hautoshi: solenoidi inavuta, mota inaanza kunywa, volti zinaanguka, solenoidi inaachia, volti zinapanda, inavuta tena. "Ta" moja kisha kimya, mara nyingi ni swichi ya ndani ya solenoidi iliyoungua, au mota iliyokwama.

Zamu ya pili ni ya meno. Injini inazunguka, au inajaribu, na kelele ni ya kukwaruza. Stata ikivuma kwa kasi huku injini haizunguki kabisa, klachi ndogo ya ndani ya bendeksi, kile kipande cha stata kinachobeba kigia, imechoka, au kigia hakifiki kwenye pete.

Zamu ya tatu huanza injini ikishashika. Mnyororo wa taimingi ukigongagonga sekunde moja au mbili baada ya gari kulala usiku kucha, tazama oili kwanza: imepungua, au filta inaiachia irudi chini injini ikizimwa, au kikaza mnyororo kimechoka. Mlio mkali na mwembamba mbele ya injini ni mkanda. Na mvumo mkali unaoendelea wakati injini imewaka na ufunguo umeshaachiwa ni stata isiyotoka kwenye pete. Hapo zima mara moja. Injini ikizunguka mara 800 kwa dakika bila kukanyagwa mafuta, na pete ikiwa na meno mara 12 ya meno ya kigia, kigia kinalazimishwa kwenda mizunguko 9,600 kwa dakika. Klachi ya bendeksi ipo ili mwendo huo usiifikie mota, lakini ilitengenezwa kuubeba kwa kitambo kidogo tu.

Krrrr ya mzee, basi, ilikuwa ya zamu ya pili, na kiiii ya zamu ya tatu. Nikazitenga kama kesi mbili.

Kisha mzee akanipa jambo ambalo yeye hakuliona kuwa na uzito. "Siku likigoma kabisa, mwanangu analitia gia ya nne, analisukuma hatua moja tu. Nikiwasha tena linaitika bila kelele. Yule fundi alisema stata huwa imekwama, ukilitikisa gari inakwamuka."

Maelezo hayo yana mantiki kwa gari jingine, maana kigia huweza kweli kukwama kwenye pete na kikaachia gari likitikiswa. Lakini stata iliyokwama haingurumi wala haisagi; ingesikika "ta" na kimya. Hili lilikuwa likisaga. Nikafikiria upya ile hatua moja: gari likisukumwa likiwa kwenye gia, magurudumu yanazungusha injini, na injini ikizunguka pete ya meno inahama. Kilichobadilika baada ya kusukuma ni meno yaliyosimama mbele ya kigia.

Jambo hili mafundi wengi hulijua kwa mikono kuliko kwa maelezo, kwa hiyo niliweke wazi. Injini ya silinda nne ikizimwa haisimami popote tu. Inapoishiwa mwendo, kuna pistoni moja inayopanda kukandamiza hewa. Hewa ile inaisukuma irudi nyuma, na krenki, shafti inayozungushwa na pistoni, inatulia katikati ya mkandamizo mmoja na unaofuata. Mikandamizo imeachana kwa nusu mzunguko. Basi sehemu za kusimama ni mbili, zinazotazamana kwenye flaiwili. Silinda sita zina tatu. Kila unapowasha, mwaka baada ya mwaka, kigia kinagonga meno ya sehemu hizo hizo, na meno mengine yote yanabaki karibu kama yalivyotoka kiwandani, hata gari likiwa limechakaa.

Kabla ya kufungua bolti hata moja tukafanya jaribio la rangi. Kijana alichora mstari mweupe kwenye puli ya krenki, mbele ya injini. Kila kabla ya kuwasha alimulika tochi, akasema mstari uko juu au uko chini, akaondoa mkono na kusogea pembeni, ndipo nikageuza ufunguo. Tuliwasha na kuzima mara 12. Mstari ulikuwa chini mara saba, na zote saba injini iliwaka safi. Ulikuwa juu mara tano, na mara nne kati ya hizo ilisaga. Ile moja iliyokataa kusaga haikunisumbua, kwa sababu injini hairudi kwenye jino lilelile. Hupishana kwa meno machache huku na huku. Mzee alikuwa amesimama karibu, na kufikia mara ya tisa alianza kutabiri mwenyewe: "Iko juu. Hii itasaga." Ikasaga.

Kwa hiyo ugonjwa ulikuwa upande mmoja wa pete. Ningeweza kuishia hapo, nikashusha giaboksi, nikabadilisha pete na kumrudishia gari lake. Kilichonizuia ni ile miezi minne. Kigia kipya hakitafunwi upesi hivyo kama kila kitu kingine ni kizima. Kuna kitu kilikuwa kikikifanya kigia king'ate pete vibaya, na kama kingebaki, kingeila pete mpya pia. Stata ilipaswa kupimwa ikiwa bado imefungwa mahali pake, ikibeba mzigo wake halisi.

Betri ikiwa imepumzika ilisoma volti 12.5. Mzee aliniambia fundi wa kwanza naye alipima akasema betri ni nzima. Ni kweli ilikuwa nzima, lakini kipimo cha betri iliyopumzika hakisemi chochote juu ya nyaya. Tukachomoa fyuzi ya pampu ya mafuta ili injini izunguke bila kuwaka, giaboksi ikiwa nyutro na breki ya mkono imevutwa. Nikaweka ncha za mita juu ya nguzo zenyewe za betri, juu ya risasi na siyo juu ya vibano vyake, kijana akapiga stata: volti 10.4. Betri ya volti 12 iliyo nzima haitakiwi kushuka chini ya 9.6 wakati huo, hivyo ilikuwa imepita.

Halafu nikapima kinachopotea njiani. Ncha moja kwenye nguzo chanya ya betri, nyingine kwenye bolti kubwa ya stata, piga: volti 0.3. Inavumilika. Ncha moja kwenye nguzo hasi, nyingine kwenye mwili wenyewe wa stata, piga: 1.3. Upande huo mimi nataka kuona 0.2 au pungufu, na ikifika 0.5 nishaanza kutafuta. Toa hizo mbili kwenye 10.4 unabaki na 8.8. Hizo ndizo volti ambazo stata mpya ilikuwa ikipewa kufanya kazi tangu siku ilipofungwa.

Hapa mita ikiwekwa kupima ukinzani haikusaidii. Stata ya injini kama hii hunywa ampea 150 au zaidi. Kwa mkondo huo, ukinzani usiofika hata sehemu moja ya mia ya omu unatosha kumeza volti 1.3, na mita ya kawaida ikigusishwa kwenye waya uliopumzika itakuonyesha sifuri, nawe utaendelea na safari ukiamini waya ni mzuri. Waya wa stata upimwe stata ikinywa.

Tukaufuata upande wa hasi. Waya mnene mweusi kutoka betri hadi bodi ulikuwa umekazwa vizuri. Kutoka bodi hadi injini kulikuwa na ule waya bapa wa athi, yaani wa kurudisha umeme kwenye betri, wa nyuzi zilizosukwa. Kwa macho ulionekana mzima. Nilipoukunja kwa vidole ulilia kama majani makavu yakikanyagwa, na unga wa kijani ukamwagika kwenye kiganja. Ndani zilibaki nyuzi chache tu zenye rangi ya shaba. Upande wa bodi, chini ya kichwa chake, kulikuwa na rangi. Bodi iliwahi kupakwa na waya ukafungwa juu ya rangi ile, chuma hakikugusa chuma. Umeme ulikuwa ukijitafutia njia nyingine. Kijana alipogusa kebo ya akselereta baada ya stata kupigwa mara tatu mfululizo, aliikuta ina joto.

Kutoka waya mbovu hadi meno yaliyoliwa, mlolongo ni huu. Solenoidi yenye volti pungufu inasukuma kinyonge. Kigia kinaingia kwenye pete nusu, swichi nzito inafunga, mota inaanza kuzunguka ghafla na kunywa umeme mwingi, volti zinaanguka zaidi, na solenoidi iliyokwisha kudhoofika inashindwa kukishikilia kigia. Kinateleza nyuma, kinasukumwa tena. Mzigo wote wa kuizungusha injini unabebwa na ncha za meno badala ya upana wake. Ncha zikishakuwa duara, hata umeme ukiwa mzuri zinatelezana. Ndiyo krrrr.

Tulichomoa waya hasi wa betri kwanza. Naisisitiza hatua hii kwa sababu waya mnene wa stata una umeme saa zote, ufunguo uwe ndani au nje, na spana ikigusa bolti hiyo na bodi kwa pamoja inachomelea pale pale mkononi mwako. Gari likapandishwa, likawekwa juu ya stendi. Jeki peke yake si kitu cha kulala chini yake.

Stata ilipotoka, nikaweka tochi na kioo kidogo kwenye tundu lake huku kijana akizungusha krenki taratibu kwa spana, mbele. Meno yalipita moja moja: makali, makali, makali, yenye pembe zake kamili. Kisha yakaja yale. Meno 14 yaliyofuatana, ukingo wa mbele umelika hadi karibu theluthi ya upana, mengine yamechongoka kama msumari, na chini yake vumbi la chuma linalong'aa limeganda kwenye grisi ya zamani. Tulipotazama mbele, mstari wetu mweupe ulikuwa juu. Nusu mzunguko baadaye yakaja machache yaliyoanza tu kuviringika kwenye pembe. Hayo yangekuwa kisa cha mwaka unaofuata.

Stata yenyewe tuliijaribu juu ya meza. Ilizunguka kwa nguvu, kaboni zake ndefu, bushi hazichezi. Kigia chake tu, meno yote 10, kilikuwa kimeng'atwa kwenye ncha. Stata iliyohukumiwa kuwa mbovu tangu kwenye boksi haikuwa na hatia.

Mzee aliuliza swali la haki kabisa: si tungebadilisha waya wa athi na bendeksi tu, pete tukaiacha? Nilimwambia itafanya kazi, pengine kwa wiki kadhaa, na kila mstari ukiwa juu yale meno 14 yatakuwa yanakula kigia kipya. Mwanawe akauliza kuhusu kuyajaza kwa kuchomelea na kuyachonga kwa faili. Hilo nililikataa waziwazi. Meno ya pete yamekazwa kwa moto. Ukiyachomelea unaondoa ukakamavu wa yale ya jirani, na faili ya mkono haitakupa umbo ambalo kigia kinalitarajia. Kuna njia ya zamani ninayoiheshimu: kuitoa pete, kuigeuza robo mzunguko na kuirudisha, ili sehemu za kusimama ziangukie meno ambayo hayajaguswa. Kwenye gari hili ingewezekana, kwa kuwa sensa ya krenki inasoma mbele na wala haitegemei flaiwili. Lakini ili uigeuze lazima ushushe giaboksi, na giaboksi ikishashuka, kazi ya kufunga pete mpya ni ileile. Tukafunga mpya.

Pete haina bolti. Inashikilia flaiwili kwa kubana tu. Ya zamani tuliitoboa kati ya meno mawili, tukaipasua kwa patasi ya chuma, tukiwa waangalifu tusiuguse uso unaokaliwa na klachi. Mpya ilipashwa moto kwenye oveni hadi nyuzi 220 hivi za Selsiasi. Asiye na oveni yenye kipimo asome rangi: ng'arisha kipande kidogo kwa msasa kabla ya kupasha. Kikianza kuwa na rangi ya majani makavu umefika. Kikigeuka bluu umekaribia 300, umevuka, na meno yamelegea. Tuliishika kwa koleo, upande wenye meno yaliyokatwa pembe ukielekea kule kigia kinakoingilia, ikaangushwa juu ya flaiwili na kugongwa kidogo kuzunguka ili ikae chini kabisa. Una sekunde chache tu kabla haijabana. Upande huo ukikosewa kila kitu kitafungika vizuri na gari litasaga tangu siku ya kwanza. Ikaachwa ipoe yenyewe, bila maji.

Kwa kuwa giaboksi ilikuwa chini tulitazama sili ya nyuma ya krenki na kisahani cha klachi; vyote vilikuwa na maisha. Bolti za flaiwili zilikuwa za aina inayovutika ikikazwa, kwa hiyo ziliwekwa mpya na kukazwa kwa vipimo vya kitabu cha gari. Waya wa athi ukawa mpya, rangi ikakwanguliwa hadi chuma kikang'aa, grisi ikapakwa juu baada ya kukaza. Bendeksi ikabadilishwa peke yake.

Tulipopima tena, nguzo za betri zilisoma 10.6 stata ikizunguka, na upande wa hasi ulikuwa ukipoteza 0.1. Krrrr haikuwepo. Kiiii ilikuwepo bado, fupi kuliko awali.

Ilikuwa ya mkanda wa alteneta, na ilikuwa na undugu na ile ya kwanza. Stata iliyokuwa ikihangaika ilikuwa ikichota umeme mwingi na kwa muda mrefu, hivyo injini ikishika tu alteneta ilibebeshwa mzigo wa kuijaza betri na mkanda ukateleza juu ya puli. Ndiyo maana sasa ilikuwa imepungua. Nikanyunyiza maji kidogo upande wa ndani wa mkanda injini ikizunguka, mikono na nguo mbali. Kama mlio ungenyamaza kwa muda kisha ukarudi, ningeshuku puli zisizo kwenye mstari mmoja. Badala yake ulipanda, na hiyo ni dalili ya mkanda uliolegea. Bolti ya kuukazia ilikuwa imerudi nyuma, na mkanda ulikuwa unang'aa kama ngozi iliyopigwa rangi. Mkanda uliokwisha kufikia hapo huendelea kuteleza hata ukikazwa. Tuliweka mwingine. Injini ikiwa imewaka, betri ilisoma 14.2, ambayo ndiyo inayotakiwa.

Gari likalala gereji. Asubuhi, injini ikiwa baridi kabisa, mzee alikuja akageuza ufunguo mwenyewe, kisha akazima na kuwasha tena na tena huku kijana akisoma mstari. Mara 20. Juu, chini, chini, juu. Hakuna iliyosaga, hakuna iliyolia. Katikati ya zoezi mzee alizima redio, ambayo haikuwa hata na sauti, ili asikilize vizuri.

Alipokuwa anaondoka aliomba kitambaa aufute ule mstari mweupe. Nikamwomba auache pale pale.